Kupatanisha sabufa na spika zako: mwongozo kwa anayeanza

"Fundi, tangu nimeongeza sabufa muziki umeharibika." Maneno haya hapa Kigoma nimeyasikia Mwanga, nimeyasikia Ujiji, na Kibirizi nimeambiwa na mwenye kibanda cha samaki aliyetundika spika mbili juu ya mlango. Anayelalamika mara nyingi vifaa vyake ni vizuri. Shida ni kwamba spika na sabufa zinafanya kazi ileile kwa wakati uleule, kwa hiyo zinagombana.

Baada ya hapo maswali ni yaleyale. Sabufa ya inchi ngapi? Wati ngapi? Nikate wapi, yaani sabufa iishie wapi na spika zianzie wapi? Mbona mhubiri anasikika kama yuko ndani ya pipa? Basi nimeamua kuyajibu kwa pamoja. Ninazungumzia mfumo mdogo: spika mbili za sauti kamili, yaani twita (ya sauti nyembamba) na wufa (ya sauti nene) ndani ya boksi moja, za inchi 8 hadi 12, pamoja na sabufa moja au mbili. Watu wasizidi 150 hivi: kanisa dogo, mgahawa, harusi ya uani. Anayepiga muziki Uwanja wa Lake Tanganyika ana mafundi wake, simwingilii.

Kabla hatujaendelea, neno "sabufa" huku kwetu lina maana mbili. Madukani ukiomba sabufa unapewa seti ya nyumbani: boksi moja la besi na vispika vidogo viwili au vinne vinavyochomekwa nyuma yake. Seti hiyo imeshapatanishwa kiwandani. Usichomoe vile vispika ukaweka maboksi ya inchi 12. Ile amplifaya ya ndani haikutengenezwa kwa mzigo huo. Mimi hapa nikisema sabufa namaanisha boksi la besi peke yake.

Nadharia ni hii moja tu. Ukitaka spika itoe sauti ya hezi 50 (hezi ni mitetemo kwa sekunde, zikiwa chache sauti ni nzito) kwa ukubwa uleule iliotoa hezi 100, koni yake inabidi isogee mbele na nyuma mara nne zaidi. Koni ya inchi 8 haina nafasi hiyo. Ukiilazimisha, inaanza kupiga kelele zisizo muziki, na maneno ya mwimbaji yanaharibika kwa sababu yanatoka kwenye koni ileile inayohangaika. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya sabufa ni kuzipunguzia spika ndogo mzigo. Mdundo unakuja baadaye.

Andaa hivi kwanza

- Spika mbili zinazofanana kabisa. Ya inchi 10 upande huu na ya inchi 15 upande ule haziwezi kupatana na sabufa kama zenyewe hazijapatana.
- Sabufa yenye amplifaya ndani, au isiyo nayo pamoja na amplifaya ya kuiendesha.
- Krosova, yaani kigawa sauti kinachopeleka besi kwa sabufa na zilizobaki kwa spika, iwe mashine ya pekee au iliyojengwa ndani ya sabufa au amplifaya. Kama huna, nitakuonesha njia ya maskini kwenye hatua ya 5.
- Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 kwa spika. Ule mwembamba wa taa uache.
- Multimita, na betri moja ya tochi ya volti 1.5.
- Simu yenye programu ya kutoa mlio wa hezi unazozichagua. Zipo nyingi za bure.
- Muziki unaoujua. Mimi hupima kwa rumba ya zamani ya ng'ambo ya ziwa, kwa sababu gitaa la besi linatembea noti kwa noti na kila noti inajitetea yenyewe. Nyimbo nyingi za sasa zina besi ya kompyuta inayokaa sehemu moja ikinguruma. Hiyo inasifia kila sabufa, hata mbovu.
- Mwanamume mwenye sauti nene na maikrofoni.

Hatua ya 1: Soma nyuma ya boksi

Mbele wameandika wati 3000 kwa rangi ya dhahabu. Hayo achana nayo. Herufi za PMPO ni za kuuzia, tafuta RMS, yaani nguvu ambayo boksi linaihimili muda wote. Usipoiona popote, hesabu kwamba boksi lile halijulikani nguvu yake na uliendeshe kwa upole.

Kingine cha kusoma ni desibeli, yaani boksi linatoa sauti kubwa kiasi gani kwa nguvu ileile, mara nyingi imeandikwa kwa wati 1 na mita 1. Watu huiruka, nayo ndiyo inayosema nani atamfunika nani. Kila desibeli 3 zinazopungua zinahitaji wati mara mbili kuzifidia. Spika za desibeli 96 ukiziwekea sabufa ya desibeli 90, sabufa itahitaji nguvu mara nne ili wawe sawa. Ndiyo maana mtu ananunua sabufa ya wati nyingi na bado haisikiki.

Kwa makadirio yangu, spika za inchi 8 zinakwenda vizuri na sabufa moja ya inchi 12, na spika za inchi 10 au 12 zinataka sabufa ya inchi 15 au 18. Nguvu ya sabufa iwe mara mbili hadi nne ya RMS ya spika moja. Spika zako zikiwa wati 200 kila moja, sabufa ya wati 400 hadi 800 inatosha.

Hatua ya 2: Hesabu omu

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme; zikipungua, amplifaya inabeba mzigo mkubwa zaidi. Spika mbili za omu 8 ukiziunga sambamba, chanya na chanya, hasi na hasi, amplifaya inaona omu 4. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na hapo amplifaya nyingi za kawaida zinazima au zinaungua. Angalia nyuma ya amplifaya imeandikwa mwisho ni omu ngapi, usishuke chini yake.

Kama kibandiko kimeng'oka, pima kwa multimita. Spika ya omu 8 husoma kama 6 hivi, ya omu 4 husoma 3 na kitu. Usishtuke kwamba namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa, ndivyo inavyokuwa.

Tahadhari ya briji, yaani kuunga pande mbili za amplifaya ziendeshe boksi moja: amplifaya inayokubali omu 4 kwa kila upande, ukiibriji mwisho wake unapanda kuwa omu 8. Sabufa ya omu 4 usiifunge hapo.

Hatua ya 3: Pima chanya na hasi kwa betri

Usiamini rangi za waya. Maboksi mengi ya hapa yamefunguliwa, yamebadilishwa wufa, yamefungwa tena usiku kwa tochi. Chukua betri, gusisha chanya ya betri kwenye chanya ya boksi na hasi kwenye hasi, kwa sekunde moja tu. Koni ikitoka nje, iko sawa. Ikiingia ndani, mtu aligeuza waya humo. Pima spika zote mbili, kisha sabufa. Kazi hii ni ya dakika tano.

Spika mbili zikiwa zimegeuziana, moja inasukuma wakati nyingine inavuta, na besi inajifuta katikati ya ukumbi. Nimeshamwona mtu akinunua sabufa ya pili kwa kosa hili.

Hatua ya 4: Tafuta spika zako zinachokea wapi

Sabufa iwe imezimwa. Chomeka simu, weka sauti ya wastani, kisha piga mlio mmoja mmoja: hezi 200, 160, 120, 100, 80, 60. Simama mita tatu mbele. Sikio lenyewe ni zito kwa sauti za chini, kwa hiyo mlio utapungua kidogo kidogo hata kwa spika nzuri. Unachotafuta ni pale unapoanguka ghafla, au pale unapoanza kusikia upepo na kupapatika badala ya noti. Iandike namba hiyo.

Mkato wako utakuwa juu yake kidogo. Zinachoka hezi 80? Kata 100. Zinachoka 60? Kata 80. Ukipanda juu ya 120 mambo mawili yanatokea: sikio linaanza kujua sabufa iko upande gani, na sauti za wanaume zinaanza kuingia kwenye sabufa. Sauti ya mwanamume huanzia karibu hezi 85, wakati waya mnene wa gitaa la besi uko hezi 41. Unataka wa pili aende kwa sabufa, na wa kwanza abaki juu.

Hatua ya 5: Unga waya

Njia iliyonyooka ni miksa kwenda krosova, krosova inagawa: juu inakwenda amplifaya ya spika, chini inakwenda amplifaya ya sabufa.

Sabufa yenye amplifaya ndani huwa na matundu ya kuingiza na ya kutoa. Hapa soma vizuri. Baadhi hutoa sauti iliyokwisha kukatwa besi, nyingine hupitisha kila kitu kama kilivyoingia. Ili kujua, piga mlio wa hezi 50 na uguse koni za spika kwa ncha za vidole. Zikitingishika sana, hazijakatwa.

Sasa njia ya maskini. Huna krosova, na sabufa yako inapitisha kila kitu. Weka kapasita kwenye waya wa chanya wa kila spika. Kwa spika ya omu 8, mikrofaradi 200 inakata karibu na hezi 100. Kwa omu 4 unahitaji 400. Kapasita isiyo na chanya na hasi ya ukubwa huo kuipata Kigoma ni bahati, lakini 470 za kawaida ziko ndani ya kila televisheni na amplifaya iliyokufa. Chukua mbili zinazofanana, unga hasi na hasi, zile chanya mbili ziwe ncha za nje. Unapata mikrofaradi 235, na kwa omu 8 mkato wako ni kama hezi 85. Ziwe za volti 100 kama amplifaya yako ina nguvu. Usiweke moja peke yake ya kawaida, itavimba na inaweza kupasuka.

Mkato wa kapasita ni mteremko mpole, yaani unapunguza besi taratibu, haufanani na krosova ya kweli. Lakini spika iliyokuwa inapapatika itatulia, utaliona hilo kwa macho.

Hatua ya 6: Kata pande zote mbili

Nikiulizwa ni kosa gani linalozidi yote, ni hili. Watu wanageuza kitufe cha LOW PASS kwenye sabufa, wanaweka 100, wanaridhika. Hapo umeiambia sabufa isipande juu. Spika hujaziambia zisishuke chini. Bado zinahangaika na hezi 50 kama jana, na sasa kuanzia hezi 60 hadi 100 wanapiga wote wawili. Besi inajaa eneo hilo, inakuwa tope.

Mimi mwenyewe nimelilipia. Harusi ya uani Katonga, nilikata sabufa nikasahau spika. Mpaka saa tatu usiku wageni walikuwa wamekaa, hakuna tatizo. Sebene lilipoanza, bwana harusi akaja kuomba "ongeza kidogo", nikaongeza. Nyimbo mbili baadaye nikasikia harufu ya koili ya spika ikiungua, ile harufu ambayo ukishaijua huisahau. Wufa ya kushoto ilikuwa imekwenda, na malipo ya harusi yote yakaishia dukani.

Kwa hiyo: LOW PASS ya sabufa hezi 100, HIGH PASS ya spika hezi 100. Ukiona besi imejaa sana pale pale, acha mwanya: sabufa 90, spika 110. Krosova yako ikiwa na chaguo la mteremko, chagua desibeli 24 na pande zote ziwe sawa.

Kama sabufa ni boksi lenye tundu la hewa, ikate na chini pia, hezi 30 au 35. Chini ya hapo koni inacheza bila kushikwa na kitu, na hakuna anayesikia kitu.

Hatua ya 7: Mahali pa kuweka

Sabufa chini sakafuni, spika juu, twita ipite vichwa vya watu waliokaa. Sabufa isiwe mbali na spika zaidi ya mita mbili. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4, na ukiitupa sabufa kona ya nyuma kwa sababu jukwaa limejaa maua, sauti zinafika kwa nyakati tofauti na kupatana kunakuwa kwa bahati nasibu.

Ukutani besi inaongezeka, konani zaidi. Ndani ya ukumbi wa mabati mara nyingi hutaki kona. Nje, chini ya turubai, hakuna ukuta wa kukusaidia, besi inakwenda zake ziwani. Hapo iegemeze sabufa kwenye ukuta wa nyumba utaona tofauti. Sabufa mbili ziweke pamoja, zikigusana. Ukiziweka moja kushoto moja kulia, katikati besi itakuwa nzito, na ukisogea hatua chache pembeni inapotea.

Hatua ya 8: Kitufe cha PHASE

Piga mlio wa hezi ya mkato wako, mfano 100. Washa spika na sabufa zote, simama wanapokaa watu. Mwenzako ageuze kitufe kutoka 0 kwenda 180, arudishe, ageuze tena. Upande ambao mlio ni mkubwa ndio sahihi. Kama sabufa haina kitufe, zima amplifaya, badilisha chanya na hasi nyuma ya sabufa, pima tena.

Programu za simu za kupima desibeli hazina ukweli kwa besi, kwa sababu simu nyingi hupunguza sauti za chini kwenye maikrofoni. Lakini hapa unalinganisha mlio uleule mara mbili, basi inasaidia.

Hatua ya 9: Pandisha sabufa taratibu

Sabufa iwe sifuri. Mpe yule mwenye sauti nene maikrofoni asome chochote, tengeneza sauti yake kwa spika pekee mpaka iwe safi. Sasa weka rumba, pandisha sabufa kidogo kidogo mpaka gitaa la besi lisimame sawa na magitaa mengine. Simama hapo. Mrudishie jamaa maikrofoni. Sauti yake ikiwa imenenepa kuliko mwanzo, mkato uko juu mno au sabufa imezidi.

Halafu izime sabufa ghafla. Muziki unapaswa kupungukiwa miguu, lakini uimbaji ubaki ulivyokuwa.

Kwa makanisa yenye miksa, kuna ujanja mzuri: lishe sabufa kutoka AUX (njia ya pembeni ya kutolea sauti kwenye miksa) badala ya njia kuu. Fungulia AUX ya kinanda, gitaa la besi na muziki wa simu tu. Maikrofoni zote ziache sifuri. Hatua za mhubiri jukwaani na kupuliza kwake maikrofoni havitafika kwenye sabufa. Hakikisha AUX hiyo ni ile inayofuata kitelezi cha sauti, la sivyo ukishusha muziki besi inabaki inanguruma peke yake.

Yakikugomea

*Mvumo wa mmm hata muziki ukiwa umezimwa.* Umeme wetu ni hezi 50, na hapo ndipo sabufa inapoishi, hivyo inausikia vizuri kuliko spika yoyote. Chomeka miksa, krosova na amplifaya kwenye soketi moja. Tenganisha nyaya za sauti na za umeme, zikikutana zipishane kama msalaba. Wapo wanaovunja pini ya tatu ya plagi, na kweli mvumo unakata. Usifanye hivyo. Ile ni ya ardhi, inamlinda anayeshika maikrofoni.

*Amplifaya inajizima.* Rudi hatua ya 2. Kama omu ziko sawa, angalia joto na upepo wake, halafu angalia ekstensheni. Waya mwembamba wa mita 30 kutoka kwa jirani unashusha volti kila sabufa inapopiga, utaona taa zikifuata mdundo.

*Taa nyekundu inawaka kila mdundo.* Punguza. Amplifaya ndogo iliyozidiwa inaua twita haraka kuliko kubwa iliyotulia.

*Kishindo ukiwasha au kuzima.* Amplifaya iwashwe mwisho, izimwe kwanza.

*Besi ipo mlangoni, haipo viti vya mbele.* Chumba ndicho kinachofanya hivyo. Sogeza sabufa mita moja, sikiliza, sogeza tena. Kusogeza kunashinda kuongeza wati.

*Kitu kinalia kama koni imechanika.* Kabla hujafungua boksi, piga mlio kutoka hezi 40 ukipanda polepole hadi 100, utembee ukishika vitu: mabati, vioo vya dirisha, mlango. Juzi nilitumia nusu saa nikitafuta mpasuko kwenye koni mpya kabisa. Lilikuwa kreti la soda tupu juu ya friji.